Dadu Moja au Dadu Kumi? Somo la Mpira wa Moto na Milima ya Uluguru

Meza ya Dungeons & Dragons haikosi ubishi huu: mchawi akirusha mpira wa moto katikati ya maadui wanne, dadu za madhara zirushwe mara moja na jibu liwahusu wote, au kila adui arushiwe zake? Wengi hujibu haraka, "Si yale yale tu, wastani ni uleule." Wastani ni uleule kweli. Ila mambo si yale yale, na tofauti hiyo inamhusu hata asiyewahi kushika dadu: inagusa vikundi vyetu vya kukopeshana hosteli, na inagusa wakulima wa milima tunayoiona kila asubuhi kutoka dirishani.

Kanuni inasemaje

Mchezo huu wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitoka mwaka 1974. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, kanuni iko wazi: uchawi ukidhuru zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, madhara hurushwa mara moja kwa wote. Mpira wa moto ni dadu 8 za pande 6, wastani wake 28. Kisha kila aliyemo ndani ya eneo anarushiwa dadu yake ya pande 20 ya kujinusuru. Akifaulu, anapata nusu ya madhara. Shika mpangilio huo: moto ni mmoja, kujinusuru ni kwa kila mtu.

Jaribu kwa dadu ya ludo

Chukua askari wanne, kila mmoja ana pointi 4 za uhai. Uchawi wetu ni mdogo, dadu moja tu. Ikija 4, 5 au 6, askari anakufa. Ikija 1, 2 au 3, anapona. Kwa kila askari ni nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa wastani wanakufa wawili, utumie njia yoyote ile.

Sasa hesabu njia ya dadu tofauti. Kuna matokeo 16 yenye uzito sawa. Wote kupona ni 1 kati ya 16, kufa mmoja ni 4, kufa wawili ni 6, kufa watatu ni 4, na wote kufa ni 1 tu.

Njia ya dadu moja haina katikati. Wote wanapona mara 1 kati ya 2, au wote wanakufa mara 1 kati ya 2. Hao "wawili" wa wastani hutawaona hata siku moja.

Kwa mpira wa moto wenyewe, maadui wanne wasiojinusuru hupata jumla ya 112 kwa wastani. Ukirusha kila mmoja na zake, jumla hucheza kwa kawaida kama pointi 10 juu au chini ya hapo. Ukirusha mara moja kwa wote, inacheza kama 19. Kadiri walengwa wanavyoongezeka ndivyo pengo linavyopanuka: wakiwa 9, mchezo huo unakuwa mara 3. Wakiwa 100, mara 10.

Kwa mwongozaji wa mchezo, dadu moja inaokoa muda, hilo halina ubishi. Lakini mpira wa moto ukielekezwa kwa wachezaji wenyewe, fahamu kwamba umeongeza uwezekano wa kuwaua wote kwa mpigo. Adui wanne wakifa, hadithi inaendelea. Wachezaji wanne wakifa, hadithi imeishia hapo.

Mvua ya Februari 1970

Mwezi Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliochapisha kazi yao mwaka 1972, walikuta maporomoko ya ardhi zaidi ya 1000. Hiyo ni dadu moja iliyorushwa kwa eneo zima. Mkulima wa kabichi na jirani yake wa njegere hawakupigwa kwa zamu, walipigwa mchana mmoja.

Na kujinusuru nako kulikuwepo. Maporomoko karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti yalikuwa machache sana. Mvua ilikuwa ya wote, lakini mizizi iliyoshika udongo ilikuwa ya mteremko mmoja mmoja. Aliye na miti juu ya shamba lake alikuwa na dadu nzuri zaidi ya kujinusuru, ingawa hakuweza kuichagua mvua.

Sanduku la kikundi

Tuje kwenye fedha. Kikundi kina watu 10. Kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 6 wa kupata hasara msimu huu, na sanduku lina fedha za kuwainua watu 4.

Kama hasara zao hazihusiani, yaani huyu anaumwa, yule anaibiwa, mwingine mbuzi wake anakufa, sanduku litazidiwa chini ya mara 2 kati ya 100. Hicho ni kikundi imara. Kama wote wanalima mteremko mmoja na adui wao ni mvua, sanduku litazidiwa mara 1 kati ya 6, karibu 17 kati ya 100. Watu ni walewale, michango ni ileile, wastani wa hasara ni uleule.

Sasa jiangalie wewe. Marafiki 10 hosteli mnakopeshana hadi bumu liingie. Mmoja akipoteza simu, tisa wanambeba, safi kabisa. Bumu likichelewa, limechelewa kwa wote 10, na hakuna wa kumkopesha mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kujiunga na kikundi chochote usiulize tu "tuko wangapi?" Uliza pia, "kitu gani kimoja kinaweza kutupiga wote siku moja?" Mkiwa na mwenzenu anayeuza vocha au anayefundisha tuisheni mtaani, huyo anarusha dadu nyingine.

Zoezi

Wakulima 10 wamejigawa: 5 wako Mgeta na 5 wako Matombo, upande wa mashariki. Tuseme kila upande una dadu yake, uwezekano ni uleule wa 1 kati ya 6, na sanduku ni la watu 4. Je, wamefaidika?

Jibu linashtua kidogo. Sanduku litapungukiwa mara 11 kati ya 36, yaani mara nyingi zaidi kuliko mwanzo! Lakini angalia vizuri: mara 10 kati ya hizo 11, litapungukiwa fedha za mtu mmoja tu. Waongeze akiba ya mtu mmoja, sanduku liwe la watu 5, na litazidiwa mara 1 tu kati ya 36. Wale wa mteremko mmoja wakiongeza fedha hiyohiyo, bado watazidiwa mara 1 kati ya 6. Chukua karatasi uhakikishe mwenyewe, kisha jaribu kwa pande tatu.