Je, Sarafu Hii ni ya Kaisari Kweli?

Leo hebu tuziache ngeli kidogo, tuzungumze pesa, tena pesa za kale.

Sote tumesikia habari ya dinari katika Biblia. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi. Enzi ya Augusto ilikuwa na uzito wa karibu gramu 3.9. Mwaka wa 64 baada ya Kristo, Nero akaipunguza ikawa karibu gramu 3.4, na shaba akaiongeza ndani. Basi ukiletewa dinari ya Augusto, ianzie kwenye mizani ya maabara. Ikiwa nyepesi mno, shuku. Huenda ndani ni shaba tupu iliyovikwa ngozi ya fedha. Ujanja huo ni wa Warumi wenyewe, usidhani umeanza jana! Ngozi ikibambuka utaona wekundu au kutu ya kijani.

Kisha tazama ukingo. Warumi waliweka kipande cha madini baina ya mihuri miwili, wakakipiga nyundo, na mara nyingi ukingo ulipasuka. Mghushi anayeyeyusha na kumimina kwenye kalibu huacha vishimo vya hewa, na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Akiusugua kwa tupa, tupa nayo inaacha mikwaruzo.

Lakini si kila sarafu mbovu ni bandia. Jeshi la Klaudio liliingia Uingereza mwaka wa 43, na sarafu ndogo za shaba zikawa adimu. Watu wakajitengenezea zao, nyepesi, sura ya Kaisari imekaa kama imechorwa na mtoto wa nasari. Baada ya mwaka wa 270 hivi, mambo yakawa yale yale huko na Ufaransa, wakiiga sarafu za Tetricus. Je, tuziite bandia? Mimi nakataa. Zilitumika sokoni kwa sababu chenji haikuwepo. Mwenye duka akikupa peremende badala ya chenji, nani humshtaki?

Mghushi hasa ni kama Becker, Mjerumani aliyeishi kati ya 1772 na 1830. Huyu alichonga mihuri yake mwenyewe na kupiga nyundo kama Mrumi, kwa hivyo mshono hutauona. Ili sarafu zizeeke, alizitia kwenye sanduku lenye unga wa chuma, akalifunga chini ya gari lake la farasi, likatikiswa njia nzima! Mihuri yake iko Berlin hadi leo, na wataalamu huilinganisha na sarafu wanazoshuku.

Mwisho, uliza imetoka wapi. Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya Brutus, muuaji wa Julius Caesar, iliuzwa London kwa zaidi ya dola milioni 4. Sarafu yenyewe ilikuwa halali. Karatasi za kueleza ilikotoka ndizo zilizoghushiwa, na Machi 2023 ikarudishwa Ugiriki.