Fungu la Aliyeumia: Mkataba wa Mchezaji Mkongwe katika Fiqhi



Mlango wa ijara katika fiqhi ya miamala huonekana mkavu mpaka mtu aulize swali la mpira. Swali lililoletwa kwenye darsa letu ni hili: mchezaji ana miaka 33, ameitumikia timu miaka tisa, goti limemwachia, na mkataba unaisha Juni. Timu ikimwacha, imemdhulumu? Wengi walijibu kwa mapenzi ya jezi. Tujaribu kwa fiqhi, ndugu zangu, tukianza na muda ambao mkataba bado uko hai.

Mchezaji wa kulipwa ni ajiri khasi, yaani mfanyakazi aliyeuza muda wake kwa mwajiri mmoja. Majalla ya Kiothmani, kifungu cha 425, inampa ujira kwa kuwa tayari kwa kazi, hata asipopewa kazi. Kwa hiyo anayekaa benchi msimu mzima ana haki yake. Aliyeumia ni mgumu zaidi, kwa sababu hayuko tayari, hawezi. Wapo mafakihi wanaoufunga ujira na manufaa, na kwao siku za ugonjwa unaozuia kazi huweza kukosa ujira. Wanaosema "Uislamu unasema alipwe tu" wanaruka hatua hii.

Kinachomlinda ni sharti. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inawafunga Waislamu na masharti waliyokubaliana, na kifungu cha 43 cha Majalla kinakihesabu kilichozoeleka kama kilichoshurutishwa. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Kanuni za FIFA nazo hazikubali uhalali wa mkataba utegemee mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Klabu inayosaini ikiyajua haya imeyakubali, na aya ya kwanza ya Surat al-Maida inaitaka itimize.

Shomari Kapombe aliumia Novemba 2018 akiwa na Taifa Stars kambini Afrika Kusini, wala si katika kazi ya klabu yake. Simba haikumtupa. Alirudi, na kwa miaka mingi baadaye akawa beki wa kulia wa kutegemewa. Lakini tusijidanganye kwa mfano mtamu: yeye alikuwa bado kijana. Mtihani wenyewe ni yule ambaye huenda hatarudi.

Mkataba ukiisha, wajibu wa ujira unaisha nao. Kinachobaki ni fadhila, na Qur'ani imeitaja mahali pa ajabu: al-Baqara aya ya 237, kwa wanandoa wanaoachana, inawakataza wasisahau fadhila baina yao. Kama watu wanaoachana wameambiwa hivyo, mimi naona timu na mkongwe wake wana la kujifunza hapo.

Ila fadhila inatoka mfukoni mwa nani? Kwetu Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni upande wa kusini wa Kismayo, mapato ya bahari hugawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, na la kila baharia. Baharia akichomwa na mwiba wa taa akabaki pwani, nahodha mwema humtolea katika fungu lake. Akitaka kuyagusa mafungu ya wengine, huwauliza kwanza. Viongozi wa klabu wako hivyo hivyo. Fedha ya wanachama ni amana, na kumpa mkongwe miaka miwili ya mkataba kwa huruma ya mtu mmoja ni ukarimu wa mali ya wenzake. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj anasimulia kuwa Umar alimkuta mzee asiye Mwislamu akiombaomba, akaona si insafu kula ujana wake kisha kumtupa uzeeni, akaamuru apewe kutoka baitulmali. Hakubuni njia, alitumia fungu lililokwisha kuwekwa kwa wenye haja. Klabu nayo iweke fungu lake mapema, kabla goti la mtu halijaitwa kwa jina.

Wala fadhila si namba katika kikosi. Santi Cazorla aliumia Oktoba 2016 akiwa Arsenal, jeraha likaingia maambukizi, akapasuliwa mara nyingi, akaondoka 2018. Villarreal, klabu yake ya zamani, ilimruhusu kufanya nayo mazoezi kwanza. Walipoona anaweza, wakamsaini. Mwaka 2019 aliitwa tena timu ya taifa ya Hispania. Mlango ulifunguliwa kwa hisani, nafasi akaipata kwa miguu yake.

Mchezaji naye ana lake. Kuficha maumivu mezani ili apate saini ni ghishi, sawa na kuweka samaki waliolala chini ya wabichi.

Na klabu ina ghishi yake, ambayo haizungumzwi sana. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine katika miezi sita ya mwisho ya mkataba wake. Viongozi walioamua Januari kwamba hawataongeza, kisha wakamwambia "tutazungumza, mzee wetu" hadi Juni, wamemla miezi sita ya kutafuta riziki. Hiyo si fadhila iliyosahauliwa. Ni haki, na ina mdai.