Maji ya Kisima na Nywele: Kijitabu cha Nyumbani

Kwa nani

Kwa kila kaya inayooga maji ya kisima, hasa sisi wa sehemu za maweni, kusini na mashariki mwa Unguja. Wa Mafia, wa Kilwa na wa Dodoma wasome pia. Mama wa nyumba asome, na asiyejua kusoma asomewe. Wasichana wa sekondari wasome wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaoletwa zaidi kwenye kituo chetu cha afya.

La kwanza kabla ya yote

USIOSHE NYWELE KWA SABUNI YA UNGA.

Maji magumu ni yapi

Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye mawe ya matumbawe na kuchukua chokaa. Maji hayo yakifika kisimani ni meupe, safi kwa macho, lakini yana chokaa ndani yake. Ndiyo tunayoyaita maji magumu.

Utayajua hivi. Birika linaota ukoko mweupe ndani. Sabuni ya mche unaisugua mpaka inakonda na povu halitoki. Nguo zikikauka zinakakamaa. Ukitaka uhakika, chukua chupa inayoonyesha, tia maji ya kisima mpaka theluthi yake, kwangua humo sabuni ya mche kidogo, ziba, tikisa kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo na chupa nyingine yenye maji ya mvua. Ya mvua itajaa povu na maji ya chini yatabaki mepesi. Ya kisima itakuwa na povu haba, na maji yatageuka kama yaliyotiwa maziwa.

Kuyanywa hakuna ubaya. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji ya kunywa. Kwa hiyo usikiache kisima chako kwa sababu ya chokaa, na usimwache mtoto na kiu.

Nywele zinapatwa na nini

Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hufanya utando mweupe unaonata. Utando huo ndio unaouona umeganda pembeni mwa beseni baada ya kuoga. Kwenye nywele hauonekani upesi, lakini umo. Nywele zinakuwa kavu, zinapoteza mng'ao, zinashikana, na chanuo likipita linatoka na ungaunga wa kijivu kwenye meno yake. Msusi anazivuta, zinakatika.

Watu wengi hudhani hiyo ni mba. Wengine hudhani wamerogwa nywele, na nimewasikia kwa masikio yangu. Mba huwa kwenye ngozi ya kichwa, inawasha na inapukutika. Chokaa iko juu ya unywele wenyewe, na kichwa hakiwashi. Shika nywele chache katikati ya vidole viwili, uvivute taratibu mpaka kwenye ncha. Ukihisi zinakwaruza kama uzi uliopakwa wanga, hiyo ni chokaa.

Chokaa haiui shina la unywele. Kinachokatika kitaota tena, ukiacha kukichokoza.

Sabuni ya unga

Hapa ndipo ninapoomba msome mara mbili.

Mtu ameosha kwa sabuni ya mche, nywele zimekuwa ngumu. Anarudia, zinazidi. Siku moja anachota konzi ya sabuni ya unga, anapaka kichwani, na povu linajaa mpaka mabegani. Anafurahi. Anasema leo nimetakata. Povu hilo ndilo linalotuponza. Sabuni ya unga inatoa povu kwenye maji magumu kwa sababu imetiwa magadi makali ya kushinda chokaa na kuondoa mafuta kwenye nguo. Kanzu haina ngozi. Kichwa kina ngozi.

Kinachofuata tunakijua. Siku ya kwanza kichwa kinakaza. Baadaye kinawasha. Mtu anajikuna, ngozi inabanduka nyuma ya masikio na kwenye kisogo, panatoa majimaji, vijidudu vinaingia. Huyo huyo, kwa kuwa nywele zimezidi kukakamaa, anakwenda kutia dawa ya kulainisha nywele juu ya ngozi iliyochubuka. Huko ndiko kuungua kwenyewe. Anayeletwa namna hiyo tunamtibu, lakini pale palipoungua sana nywele huenda zisiote tena.

Usioshe nywele kwa sabuni ya unga. Hata kidogo, usioshe. Hata ukiichanganya na maji mengi, usioshe. Hata kama shoga yako ameosha nayo mwaka mzima na hajadhurika, wewe usioshe. Sabuni ya unga ni ya nguo.

Na haya pia msiyatie kichwani: dawa ya maji ya kutakatisha nguo nyeupe, dawa ya kusugulia choo, tindikali ya betri, magadi ya kupikia. Dawa ya kutakatisha nguo usiichanganye kamwe na siki wala ndimu, si kichwani, si kwenye ndoo, si chooni. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu inayoziba pumzi. Siki yako usiihifadhi kwenye chupa ya soda mahali mtoto anapofika.

Maji ya mvua

Haya ndiyo dawa, na hayauzwi.

Mvua haina chokaa. Kinga kwenye mabati wakati wa masika na wakati wa vuli. Mvua ya kwanza iache ioshe paa kwanza, maana paa lina vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uweke ndoo. Dumu au tangi lizibwe kwa mfuniko au kitambaa kilichobana, kwa sababu mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani.

Najua mtaniuliza: maji ya mvua tutayapata wapi ya kuoshea nywele za nyumba nzima? Hamhitaji mengi. Osha kwa maji ya kisima, suuza kwa maji ya kisima, halafu maji ya mwisho kabisa yawe ya mvua. Lita moja inatosha kichwa chenye nywele fupi, mbili kwa nywele ndefu. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri linaweza kutosha nyumba kwa wiki kadhaa za kiangazi. Msilitumie kuoshea vyombo.

Kuchemsha

Asiye na maji ya mvua achemshe ya kisima. Yakichemka, yaache yatokote dakika chache, yapoe yenyewe, yatulie. Utaona mashapo meupe chini. Chota ya juu taratibu, mashapo uyaache. Makaa ni ghali, kwa hiyo chemsha ya suuzo la mwisho tu.

Kuchemsha kunafaa pale ambapo birika linaota ukoko. Kama birika lako halina ukoko na bado povu halitoki, chokaa yako si ya kuondoka kwa moto. Tafuta maji ya mvua. Na kama kisima kimeingiwa na bahari, chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Inazidi.

Siki au ndimu

Inafaa kwa nywele ambazo zimekwisha shika chokaa. Vijiko viwili vya chakula vya siki ya kupikia katika lita moja ya maji, au maji ya nusu ndimu yaliyochujwa katika lita moja. Mimina baada ya kuosha, kaa dakika mbili tatu, halafu suuza kwa maji ya mvua au yaliyochemshwa. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Usipake siki wala ndimu bila maji. Usipake penye kidonda, penye mikwaruzo, wala kwenye kichwa kilichotiwa dawa ya kulainisha siku za karibuni. Fumba macho. Ukitumia ndimu, nawa mikono, shingo na paji la uso kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakipigwa na jua huichoma ngozi, yakaacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi, na wazazi hudhani mtoto amemwagiwa maji ya moto.

Shampuu

Mwenye uwezo anunue shampuu badala ya sabuni ya mche. Shampuu ya kawaida haifanyi utando ule mweupe. Nyuma ya chupa zipo zilizoandikwa EDTA. Herufi hizo zinaonyesha imetiwa kitu cha kushika chokaa. Zile zilizotengenezwa hasa kwa kazi hiyo hukausha nywele zikitumiwa kila siku, kwa hiyo iwe mara moja kwa mwezi, na baada yake upake kondishena.

Na kama shampuu umeishiwa, usioshe nywele kwa sabuni ya unga. Ni heri uoshe kwa maji matupu.

Mafuta ya nazi

Paka kabla ya kuosha, usiku mmoja nyuma, kama bibi zetu walivyofanya. Ukipaka juu ya nywele zenye chokaa bila kuziosha, unaongeza tabaka.

Shabu na vidonge vya maji

Shabu huondoa tope na vidonge huua vijidudu, lakini chokaa inabaki.

Meno ya kahawia

Hayo ni ya floraidi, kwa wenzetu wa Arusha na miteremko ya Meru. Ni jambo jingine, na halitibiwi kwa kuchemsha maji.

Watoto

Kichwa cha mtoto kisioshwe kwa sabuni ya unga. Mtoto hawezi kukwambia mapema kwamba kinamwasha, na povu likimwingia machoni anafikicha kwa mikono yenye povu.

Mtoto mwenye nywele ngumu za chokaa mnyoe, basi. Wembe uwe mpya, wa kwake peke yake. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba, hana shida ya maji, ana mapunye. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge vya hospitali. Msimsugue kwa chochote, mleteni. Taulo lake na chanuo lake lisiguswe na mwingine.

Sabuni ya unga ikiingia machoni au ikimezwa

Jicho: lifungue, limiminie maji safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kuacha, hata mtoto akilia. Maji ya kisima yanafaa. Usitie maziwa ya mama, usitie asali, usitie mafuta. Kisha njoo kituoni siku hiyo hiyo.

Akimeza: usimtapishe. Mfute mdomo, msukutue kwa maji kidogo kama ana fahamu zake, mlete mara moja. Akikohoa sana au akipumua kwa shida, usingoje gari la kesho, omba hata pikipiki.

Ngozi ya kichwa iliyobabuka au inayotoa majimaji: suuza kwa maji safi ya baridi, usipake kitu, usisuke, usifunge kilemba cha kubana, uje. Njoo na pakiti ya ile sabuni. Hatutakugombeza. Tunataka kusoma kilichomo.