Naliuliza Pumziko: Ninavyotabiri Muda Wangu wa Moshi

Daftari langu la mbio linakaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na chaki, futi na vifungo visivyopata wenzao. Katika ukurasa wa mwaka wangu wa kwanza kuna mstari mmoja nilioupigia kalamu mara mbili: "Nusu marathoni, Moshi, 1:46." Niliuandika siku kumi kabla ya Kilimanjaro Marathon, nikiwa na hakika kama fundi aliyekwisha kupima bega na kiuno. Nikakimbia 2:03. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba zile dakika 17 nimeziacha kwenye mwinuko wa Mweka. Baadhi niliziacha huko kweli. Nyingi zilikuwa zimeshapotea hapa hapa Arusha, katika mapumziko ambayo sikuyapima.

Mazoezi ninayoyazungumzia ni yale ya kukimbia kipande kwa nguvu, kupumzika, kisha kurudia. Kwenye kikundi chetu cha alfajiri tunasema tunapiga spidi; makocha husema intavali. Wengi wetu tukisikia intavali tunafikiria kile kipande cha kukimbia. Lakini maana yake ni nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, yaani pumziko lenyewe. Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, aliyeyapanga mazoezi haya kitaalamu miaka ya 1930 akishirikiana na daktari Herbert Reindell, aliamini kwamba moyo hujengeka pale mkimbiaji anapopumua baada ya kipande. Mapigo yapande hadi kama 180 kwa dakika, kisha yashuke hadi 120 ndani ya sekunde 90. Yakichelewa kushuka, kipande kilikuwa kikali kuliko uwezo wa siku hiyo. Mwanafunzi wake, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ikakaa miaka 16.

Mimi sikuyajua hayo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyewahi kukimbilia timu ya jeshi, ambaye huja kushonewa suruali kwangu. Siku moja nilimwonyesha daftari: vipande 8 vya kilomita moja, wastani 4:48. Akaangalia, akageuza ukurasa, akarudi.

"Binti, umepumzika kiasi gani hapa katikati?"

"Mpaka nijisikie vizuri, mzee."

"Basi hujaandika kitu. Ukinipa mimi nafasi ya kupumzika nitakavyo, hata kwa umri huu nitakukimbilia kilomita kwa mwendo huo. Tatizo ni hiyo ya nane, na utaifikia baada ya muda gani."

Niliporudia zoezi lile huku nikitazama saa, niligundua kwamba "kujisikia vizuri" kwangu kulikuwa kunachukua dakika tatu, na kuelekea mwisho karibu nne. Nilikuwa nakimbia mbio nane fupi, kila moja na mapumziko yake, halafu nazitaka ziniambie habari za kilomita 21 ambazo hazina kituo hata kimoja. Nilipojilazimisha kuanza tena kila baada ya sekunde 90, mwendo ulishuka hadi wastani wa 5:10, na kipande cha nane sikukimaliza. Iliniuma. Lakini kwa mara ya kwanza daftari lilikuwa linasema ukweli.

Sasa nikueleze tunavyofanya, tukianza na njia, kwa sababu saa nzuri kwenye njia isiyopimwa ni bure.

Mji wetu umelala kwenye mteremko wa Meru. Ukielekea kaskazini unapanda, ukielekea kusini unashuka, na mto uliotupa jina la mtaa wetu wa Ngarenaro, Engare Narok, maji meusi kwa Kimaasai, unafuata mteremko huo huo. Ukipima kipande chako kutoka juu kwenda chini utajitabiria makubwa. Tafuta njia inayokwenda mashariki na magharibi. Sisi tunatumia barabara ya vumbi upande wa Burka, pembezoni mwa mashamba ya kahawa. Na hata hapo pana mwinuko kidogo, kwa hiyo tunakimbia kwenda na kurudi, na idadi ya vipande ni shufwa daima: 6, 8 au 10. Kinachopatikana kwenye kushuka kinalipwa kwenye kupanda.

Umbali wenyewe niliupima kwa baiskeli ya kuazima. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, nikaliviringisha mzunguko mmoja, nikapima kwa futi: mita 2.08. Kilomita moja ikawa mizunguko 481 kasoro kidogo. Binti yangu alihesabu kwa sauti, mimi nikisukuma, na tulirudia mara tatu hadi tukaridhika. Mwanzo ni mkaratusi, mwisho ni jiwe tulilolipaka rangi nyeupe. Simu nimeijaribu, chini ya miti ile ile, siku moja inanipa mita 970 na siku ya pili 1,040. Tofauti hiyo katika kilomita moja ni zaidi ya sekunde 20 kwa mwendo wangu, na mimi sekunde 20 sizisamehe.

Tunatoka Ngarenaro saa 11 na nusu alfajiri, zaidi ya wanne daima (dada zangu, msitoke peke yenu gizani), tukienda mchakamchaka wa polepole karibu nusu saa. Huko ndiko kupasha misuli moto. Tukifika tunanyoosha viungo, tunakimbia mita 100 mara nne kwa kuachia miguu, kisha tunaanza.

Kipande cha kwanza ndicho kinachoharibu siku za watu. Miguu ni mipya, wenzako wanakuangalia, na kila mmoja anataka kuwa Filbert Bayi. Bayi aliongoza tangu mwanzo pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974 na akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, 3:32.16, huku John Walker akimfukuza hadi mstarini. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini yeye alikuwa anashinda mbio, sisi tunapima. Kipande cha kwanza kiwe cha polepole kuliko unavyotamani, na mimi sikihesabu kwenye wastani kikizidi wenzake kwa kasi. Nikitaka 5:00, naanza na 5:05.

Baada ya kila kipande, situpi macho kwenye muda wa kipande. Naweka vidole viwili shingoni mara pumziko linapofika sekunde 75, nahesabu mapigo kwa sekunde 15, nazidisha kwa 4. Hesabu ikiwa 30 ni zile 120 za Gerschler. Mimi kwa kawaida napata 31 au 32 kwenye mapumziko ya mwanzo. Muhimu ni la mwisho. Likibaki 33 au 34, mwendo ule ni wangu. Likifika 37 au 38, mwendo ule nimeuazima, hata kama saa inaonyesha namba nzuri. Naandika vyote viwili kando kando, muda na mapigo, na siku ya kutabiri naangalia mapigo kwanza.

Kanuni nyingine niliyojiwekea: kati ya kipande cha pili na cha nane tofauti isizidi sekunde 8. Ikizidi, naandika "haifai" na sifanyi hesabu yoyote. Nimewahi kuandika hivyo wiki tatu mfululizo, kipindi cha baridi ya Julai nilipokuwa na mafua na sare za shule zimejaa mezani. Daftari halikukosea. Nilikuwa nimechoka.

Zoezi likikubali, hesabu ni fupi. Kwangu mimi, wastani wa vipande 8 kwa pumziko la sekunde 90 ndio mwendo wangu wa mbio za kilomita 10 kwenye njia tambarare. Nimelijaribu hilo mara nne na halijanitupa zaidi ya nusu dakika. Kwako huenda ukahitaji kuongeza au kupunguza sekunde chache, na hilo utalijua kwa kukimbia kilomita 10 moja ya kweli. Kutoka hapo natumia kanuni ya Mmarekani Peter Riegel, mhandisi aliyeitoa mwaka 1977. Aliona kwamba umbali ukiongezeka, muda unaongezeka zaidi kidogo ya umbali, na akaupatia huo "zaidi kidogo" kipeo cha 1.06. Huna haja ya kukokotoa vipeo. Chukua muda wa kilomita 10, zidisha kwa 2.2 na nukta ndogo (2.206), unapata nusu marathoni. Chukua nusu marathoni, zidisha kwa 2.085, unapata marathoni.

Mwaka wangu wa pili wastani ulikuwa 5:02, mapigo ya mwisho 33. Kilomita 10 zikawa 50:20, na nusu marathoni 1:51. Sikuiandika hiyo. Niliandika 1:56, na hapa ndipo penye somo ambalo hakuna kanuni ya Marekani itakayokupa.

Njia ya Moshi haifanani na ya Burka. Unatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, unapanda kuelekea Mweka, kisha unateremka. Kushuka hakukurudishii kila ulichotoa kupanda, mapaja yanalipia. Ili nijue bei yake, nilikimbia kutoka mjini kupanda Ilboru na kurudi, kisha siku nyingine nikakimbia urefu ule ule kwenye tambarare, kwa pumzi ile ile, yaani mwendo ambao naweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Tofauti ilikuwa sekunde 15 kwa kila kilomita. Mara 21.1 ni dakika 5 na sekunde 16. Nilijumlisha. Hewa ya Moshi ni nzito kuliko yetu, maana sisi tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na wao wako chini sana ya hapo, na hilo lingenipa nafuu. Jua la mwisho wa Februari linaichukua nafuu hiyo, kwa hiyo sikugusa hapo. Nilikimbia 1:56:40.

Anayedharau hesabu ya mahali amwangalie mwanamarathoni wetu Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Septemba mwaka huo huo, Tokyo, akawa bingwa wa dunia kwa 2:09:48, na yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wakapewa muda ule ule hadi picha ya kamera ilipowatenganisha kwa sekunde 0.03. Miezi mitano tu, mtu yule yule, na dakika karibu tano zaidi. Tokyo kulikuwa na joto la unyevunyevu, na mbio za ubingwa watu huviziana. Gabriel Geay vilevile: Valencia, Desemba 2022, 2:03:00, Boston, Aprili 2023, 2:06:04. Njia ina sauti yake kwenye matokeo, na sauti hiyo uiandike mapema.

Wa marathoni kamili wataniuliza kuhusu zile 800. Ni zoezi la Bart Yasso wa jarida la Runner's World, lililotangazwa na mwenzake Amby Burfoot mwaka 1994: mita 800 mara 10, ukipumzika kwa kujikongoja muda sawa na uliokimbia. Wastani wako kwa dakika na sekunde ndio marathoni yako kwa saa na dakika. Ukikimbia 3:58, marathoni ni saa 3 na dakika 58. Linaonekana kama uganga, lakini ni hesabu. Marathoni ina vipande vya mita 800 karibu 52.7, wakati saa ina dakika 60. Kwa hiyo Yasso anakwambia tu kwamba kwenye marathoni kila mita 800 itachukua muda zaidi kwa karibu asilimia 14 kuliko mazoezini. Kwa mtu aliyekimbia mbio ndefu za kutosha hilo ni kweli au karibu na kweli.

Mimi sikuwa nimezikimbia. Nilipata 3:58 safi kabisa, mapigo mazuri, nikamaliza Moshi kwa 4:31. Mbio yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 24, na kuanzia kilomita ya 30 nilitembea zaidi ya nilivyokimbia. Vipande vinapima moyo na mapafu. Havijui lolote kuhusu miguu iliyobeba mwili kwa saa nne, wala tumbo lililoishiwa. Kwa hiyo siku hizi sifanyi zoezi la Yasso mpaka nimeshakimbia kilomita 28 hadi 32 mara tatu, kwa kawaida kwenye ile barabara ya mchepuko inayozunguka mji kusini. Urefu wake ni kilomita 42.4, yaani marathoni na mita mia mbili hivi juu yake, na bado sijawahi kuimaliza yote kwa siku moja.

Zoezi la kutabiri lifanyike siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, si karibu zaidi, na siku mbili kabla yake kimbia kidogo sana. Kula ulichozoea. Mimi jioni yake ni loshoro, na alfajiri chai ya tangawizi tu.

La safari hii liko Jumamosi. Mvua ya wiki iliyopita imelichimba lile jiwe jeupe na nadhani limesogea, kwa hiyo kesho jioni nikifunga duka nitaazima tena baiskeli. Binti yangu ameshachukua chaki.