Mchoro Unaosomwa: Fasihi na Suala la Jadi katika Uchoraji wa Kijapani

Istilahi 'uchoraji wa jadi wa Kijapani' hutumiwa mara nyingi kana kwamba inarejelea kitu kimoja kisichobadilika tangu kale. Hata hivyo, neno ambalo Wajapani wenyewe hutumia, nihonga, lilienea katika miaka ya 1880 tu, baada ya enzi ya Meiji kuanza mwaka 1868 na rangi za mafuta za Ulaya kubisha hodi. Kabla ya hapo palikuwa na mikondo na koo za wachoraji zilizoshindana, na jina la jumla halikuhitajika. Makala haya yanadai kwamba kinachoifungamanisha mikondo mingi kati ya hiyo si utaifa, bali ni uhusiano wa mchoro na fasihi: mtazamaji alitarajiwa kuwa pia msomaji.

Ushahidi wa awali unapatikana katika yamato-e, mtindo uliositawi enzi ya Heian (794-1185) ukitofautishwa na kara-e, yaani michoro ya mkondo wa Kichina. Kazi mashuhuri zaidi ni magombo ya Hadithi ya Genji ya karne ya 12, yaliyohifadhiwa sehemu katika makumbusho ya Tokugawa, Nagoya, na ya Gotoh, Tokyo. Riwaya yenyewe ilitungwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11. Katika magombo haya maandishi na picha hupokezana. Mchoraji ameyaondoa mapaa ili vyumba vichunguliwe kutoka juu, na karibu kila uso una mstari kwa jicho na ndoano kwa pua. Mhakiki mwenye haraka angeuona huu kuwa udhaifu wa usawiri wa wahusika. La hasha! Katika tukio moja Genji amempakata mtoto mchanga ambaye, kama ajuavyo msomaji, si wake. Uso wake hausemi lolote. Kinachosema ni chumba: sakafu imeinama, naye amebanwa kwenye ukingo wa juu wa picha kama mtu aliyekosa nafasi nyumbani mwake. Asiyeisoma riwaya ataona mzee na mtoto tu.

Uchoraji wa wino, uliotoka China na kukuzwa na watawa wa Zen, uliifupisha lugha hiyo hadi weusi na weupe wa karatasi. Sesshu (1420-1506), aliyezuru China kati ya 1467 na 1469, alimchorea mwanafunzi wake mandhari ya wino uliomwagwamwagwa mwaka 1495. Juu ya mchoro huo kuna maelezo ya Sesshu mwenyewe na mashairi ya watawa sita. Mchoro wenyewe unachukua sehemu ya chini tu. Maneno yamepewa sehemu kubwa ya nafasi iliyosalia. Ukoo wa Kano, kwa upande wake, ulihudumia watawala kwa viambaza vilivyong'aa dhahabu, na humo uwezo wa mwenye kasri ulikuwa ndio maudhui makuu.

Fasihi inajitokeza tena kwa namna ya pekee katika kazi ya Ogata Korin (1658-1716). Viambaza vyake viwili vya kukunja, vilivyomo katika makumbusho ya Nezu, Tokyo, vina maua ya airisi ya buluu na majani ya kijani juu ya dhahabu tupu. Hakuna maji, hakuna mtu. Ila msomaji wa Hadithi za Ise hukumbuka papo hapo msafiri aliyesimama kwenye daraja la mbao nane, akatunga shairi la kumtamani mkewe ambapo silabi za mwanzo za vipande vyake vitano zinaunda jina la ua hilo. Korin amemfuta mtunzi akabakiza ua, yaani jina lililofichwa shairini. Huu ni ufupisho ambao hata mshairi angeuonea wivu.

Picha za ukiyo-e, za akina Harunobu na Hokusai, zilichapwa kwa vibao vya mbao na kuuzwa kwa watu wa mjini. Ndizo zinazojulikana zaidi ng'ambo, na pengine ndiyo sababu mikondo mingine husahauliwa.

Mgogoro wa jadi ulipamba moto enzi ya Meiji. Mwaka 1882 Mmarekani Ernest Fenollosa alitoa mhadhara wa kuutetea uchoraji wa Kijapani dhidi ya ule wa Kimagharibi. Chuo cha Sanaa cha Tokyo kilipofunguliwa mwaka 1889, rangi za mafuta hazikufundishwa. Zilikubaliwa mwaka 1896. Watetezi wengi waliitafuta jadi katika malighafi: wino wa masizi, rangi za mawe yaliyosagwa, gundi ya wanyama, hariri. Kigezo hiki ni chepesi mno, kwani sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitumika China pia. Tena, Yokoyama Taikan na Hishida Shunso walipoacha mstari wa wino mwishoni mwa karne ya 19 na kuchora kwa rangi zinazofifia, wahakiki waliwakejeli kwa kuuita mtindo wao 'wa ukunguukungu', ingawa malighafi yao ilikuwa ileile. Mwaka 1937 Taikan huyohuyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Utamaduni ya taifa hilo.