JINSI MATETEMEKO YA NCHI YANAVYOANDIKWA

Tarehe 6 Januari 1928 nchi ilitetemeka kwa nguvu huko Subukia, katika Bonde la Ufa la Kenya, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Kipimo cha matetemeko kilikuwa bado hakijabuniwa; Bwana Charles Richter wa California alikitoa mwaka 1935. Hata hivyo, kwa karatasi zilizoandikwa siku ile katika vituo vya mbali, wataalamu waliweza kukadiria baadaye kwamba tetemeko hilo lilifikia 6.9.

Yawezekanaje karatasi ya ng'ambo ijue habari za Subukia? Chombo chenyewe huitwa saizimografu. Ndani yake chuma kizito kimening'inizwa. Nchi ikitikisika, nyumba na meza hutikisika pamoja nayo, lakini chuma kile, kwa uzito wake, huchelewa kufuata. Kalamu huandika tofauti hiyo juu ya karatasi inayozunguka polepole. Siku hizi umeme hufanya kazi ya kalamu, lakini kanuni ni ile ile.

Tetemeko hutuma mawimbi ya namna mbili kupitia ardhini, mfano wa tarishi wawili walioondoka pamoja, mmoja kwa baiskeli na mwingine kwa miguu. Kadiri kijiji kilivyo mbali, ndivyo wa pili anavyozidi kuchelewa nyuma ya mwenzake. Kwa kuhesabu muda huo kituo hujua umbali wa tetemeko, ila hakijui upande. Vituo vitatu vikichora duara zao kwenye ramani, mahali zinapokutana ndipo penyewe.

Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa lilitokea Chile tarehe 22 Mei 1960. Kipimo chake kilikuwa 9.5. Ikumbukwe kuwa kila hatua moja ya kipimo huzidisha nguvu mara 32 hivi. Bahari nayo ilisukumwa, na wimbi likaanza safari ya kuvuka Pasifiki.

Vyombo vya Hawaii viliandika tetemeko lile mapema, hata mjini Hilo king'ora kikapigwa yapata saa mbili na nusu usiku. Watu wengi walikisikia. Baadhi yao walikimbilia mlimani, lakini wengine walikaa nyumbani, maana mara nyingine kilikuwa kimelia bure. Mawimbi ya kwanza, baada ya saa sita usiku, yalikuwa madogo. Saa moja baadaye likaja kubwa, likabomoa mji wa pwani na kuua watu 61.

Huko Japani wimbi lilifika saa 22 hivi baada ya tetemeko. Wenyeji hawakupewa onyo lolote kabla, na watu wapatao 140 walikufa. Tangu mwaka 1965 nchi zinazoizunguka Pasifiki zimekuwa na mpango mmoja wa kupashana habari za mawimbi ya namna hiyo.