Weusi wa Tairi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Magari ya safari yanarudi Arusha kutoka Serengeti na Natron yakiwa na matairi ya kijivu. Kurudisha weusi ni kazi ndogo. Kinachoniudhi ni matairi mazima yanayouawa ili yapendeze mbele ya wageni.

FANYA

Acha gari lipoe. Diski ya breki yenye moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda.

Osha rimu upande wa ndani. Udongo wa mbuga ukikaukia humo, gurudumu halina balansi na usukani unatetemeka. Watu wanalipia alaimenti bure wakati dawa ni maji na brashi.

Vumbi la Natron lisuuze siku hiyo hiyo. Lina magadi na chumvi, na chumvi inakula chuma.

Sugua ubavu wa tairi kwa sabuni na brashi ya nailoni mpaka povu liache kutoka la kahawia. Ukahawia huo si tope peke yake. Kiwandani mpira huchanganywa na dawa ya kuukinga na ozoni. Dawa hiyo hujitokeza juu polepole, ikishafanya kazi yake hubadilika rangi. Iliyokwisha kazi iondoe. Nyingine itatoka yenyewe.

Paka dawa ya matairi, ile isiyo ya petroli, inayochanganyika na maji. Tairi liwe kavu. Tumia sponji, paka kidogo, subiri dakika 10, kisha futa iliyozidi. Ukiiacha mbichi inarukia bodi na kudaka vumbi. Hujafika Kisongo, pale nje ya Arusha, tairi limeshakuwa kijivu tena.

Ukiwa umechuchumaa hapo, kagua. Ng'oa mawe kwenye kashata za tairi, tafuta miba, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

USIFANYE

Usipake oili chafu, dizeli wala mafuta ya taa. Hata siku moja! Mpira unakunywa mafuta: unavimba, unalainika, unapoteza kinga yake. Dereva mmoja alikuwa akipaka oili chafu kila alipokwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Weusi ulikuwepo, ndiyo. Ukiubonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, unabonyea. Jiwe la njiani likauchana, na wageni wakashinda juani porini. Ubavu uliochanika hauzibwi. Tairi hilo limekwisha.

Usipake chochote kwenye kashata, wala usirushie dawa kwenye breki. Unataka gari lishike njia au liteleze?

Usisogeze mdomo wa mashine ya presha karibu na tairi. Kaa sentimita 30 au zaidi. Maji yale yanakata mpira, na jeraha la nyuzi za ndani hulioni mpaka tairi lipasuke.

Usitumie brashi ya waya: hiyo ni ya kusugua chuma, si mpira.

Usioshee mtoni. Kuna watu wanachota maji huko chini.

Usifunike nyufa kwa mng'aro. Anayefanya hivyo anamficha abiria hatari aliyoiona kwa macho yake. Tairi lenye nyufa za kina libadilishwe kabla ya safari.

Nanyi wenye magari: dereva anachovya kitambaa kwenye oili chafu kwa sababu hamkumpa kitu kingine, na mnataka gari ling'ae. Mnunulieni dawa.